Sahihi ya Fundi Kobole

Inspekta Dinah Nangila alipopiga magoti mlangoni mwa kanisa la Kamukuywa, wazee waliokuwa ndani walidhani hatimaye Mungu amemfikia. Hawakujua kwamba kilichomwangusha ni shilingi tano.

Sarafu ilikuwa imezamishwa kwenye sementi ya kizingiti, ikakaa sawasawa na sakafu kiasi kwamba siafu angeipita bila kujikwaa. Kichwa cha rais wa kwanza kilitazama juu. Viatu vya waumini vilikuwa vimekilamba pua mpaka ikaisha, lakini ndevu zilikuwapo bado.

"Mwalimu," akamwita Hillary, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, aliyekuwa amesimama na funguo mkononi. "Hii sakafu ilimwagwa lini?"

"Si iko hapo kwa ukuta? Soma bana. Ama polisi husoma kitambulisho tu?"

Jiwe la ukutani lilisema Agosti 2022.

"Haiwezekani."

"Ati haiwezekani? Mimi ndio nilikuwa nachota maji. Fundi alikuwa Kobole, kazi yake ya mwisho kabla mgongo imlaze."

"Na sarafu aliiweka siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, simiti ikiwa mbichi. Mbona unaniangalia hivyo, kwani nimeiba?"

Nangila aliitazama ile sarafu jinsi mtu anavyomtazama shahidi aliyemwamini kwa miaka saba, kisha akamkuta sokoni akimuuza.

Ndani ya kanisa ukoo ulikuwa umekaa kujadili mgomba. Kukhu Nasike, bibi wa miaka themanini na minne, alikuwa na maji mapafuni, na daktari alikuwa ameacha kumwandikia dawa na kuanza kumwandikia pole. Mwanawe Hesbon alikuwa amepotea Aprili 2019. Wazee walishikilia kwamba mama hawezi kuingia kaburini huku mtoto aliyemtangulia bado anatangatanga bila kaburi. Kwa hiyo Jumamosi wangezika mgomba wa ndizi mahali pake, kama desturi inavyotaka mwili usipopatikana. Kwa miaka saba Kukhu Nasike alikuwa akiwajibu kwa maneno matatu tu: "Mimi sikuzaa ndizi."

Jumanne hiyo pumzi ilikuwa imemwishia, akakubali. Jumamosi. Nangila alikuwa ameitwa aseme kama polisi wana lolote, naye alikuwa ameshasema hawana. Ndipo akatoka nje kupunga hewa, akakanyaga sarafu.

Faili ya Hesbon alikuwa akiijua kama sala ya Baba Yetu. Hesbon Wekoye, mlinzi wa stoo ya mahindi ya Bwana Zachary mjini Kitale. Ijumaa alimpigia mama yake simu: ameona mbolea ya uongo ikifungashwa kwenye magunia ya serikali, na Jumatatu ataenda kusema. Jumatatu haikumkuta. Siku nane baadaye Nangila, wakati huo sajini, aliingia katika stoo ile na kukuta sakafu ya sementi ukuta hadi ukuta, imepakwa oili chafu ikaonekana kuukuu kama mila. Zachary akasema ilimwagwa 2017. Mlangoni palikuwa na sarafu.

Sasa, kutoka Kitale hadi Bungoma hakuna aliyekuwa hajui sarafu hiyo ni ya nani. Fundi Kobole alikuwa mwashi ambaye sakafu zake, watu huapa, ungeweka yai mlangoni nalo likakaa hapo mpaka likaanguliwa. Hakujua kuandika jina lake. Akimaliza kazi, alichukua shilingi tano mpya kuliko zote mfukoni, ile ambayo watoto wa mjini huita kobole, akaibonyeza kwenye sementi mbichi. Ndiyo sahihi, ndiyo chanzo cha jina. Sakafu zake za miaka ya tisini zilikuwa na kichwa cha rais wa pili. Za baada ya 2005, kilipochapwa tena kichwa cha rais wa kwanza, zilikuwa na hicho. Watu waliuza nyumba wakisoma umri wake kizingitini kama wanavyosoma umri wa ng'ombe menoni.

Na Desemba 2018 sarafu za wanyama zilikuwa zimetoka: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Sajini Nangila akapiga hesabu yake. Kama sakafu ingemwagwa Aprili 2019, mlangoni pangekuwa na kifaru. Pana kichwa. Basi sakafu ni ya kabla. Basi Hesbon hayuko chini yake. Aliandika hivyo, akatia sahihi, na hakimu akakataa hati ya kuchimba kwa kuirejelea ripoti hiyo. Miezi mitatu baadaye akapandishwa cheo.

Na hapa palikuwa na kichwa, katika sakafu ya 2022.

*

Jumatano asubuhi alikuwa Bungoma mjini, kwenye kibanda cha Mzee Muhdhar karibu na msikiti. Muhdhar alitengeneza saa ambazo hakuna aliyevaa tena, na kuuza sarafu za kale ambazo hakuna aliyenunua. Hasara hizo mbili zilikuwa zimemsomeshea watoto watano, na hakuna aliyewahi kumwomba aeleze.

"Fundi Kobole, Mungu amrehemu," alisema, lenzi ikiwa bado jichoni. "Mteja wangu wa kila mwezi. Ilianza lini? Ilianza wanyama walipotoka."

"Alikuja kufanya nini?"

"Subiri, binti yangu, nikupange kwanza. Unajua kwa nini vichwa viliondoka?"

"Katiba."

"Katiba ya 2010. Ilisema pesa zisiwe na sura ya mtu yeyote. Lakini ilichukua miaka minane kupata wanyama. Mimi nilisema hapa hapa, hao wanyama wanakuja kwa miguu." Alicheka peke yake. "Na walipofika, fujo! Mama mboga mmoja alinigombeza ati kwa nini twiga ni bob moja na ni mrefu kuliko wote. Mwingine alitoka Lwakhakha na kifaru mkononi. Kule mpakani wamezoea sarafu za Uganda zenye samaki na ng'ombe wa pembe ndefu, basi akaona mnyama, akadhani ni ya Uganda. Akataka kunipatia kwa bei ya Uganda. Nikasema asante, lete gunia."

"Watu waliipa jina jipya?"

"Jina halikubadilika! Hiyo ndiyo ajabu. Ndururu ilikuwa na tundu katikati, ikafa na tundu lake. Thumni imekufa. Lakini kobole, hata ukiichora kifaru, hata ukiichora mimi, ni kobole. Jina linafuata tano, halifuati picha. Ila fundi alikuwa mtu wa picha."

"Mzee, alikuja kufanya nini?"

Muhdhar alitoa lenzi. "Kubadilisha. Analeta vifaru kumi, nampa vichwa kumi. Safi, zisizochakaa. Januari 2019 alikuja mara ya kwanza. Alisema mnyama haingii kwenye kazi yake."

"Januari 2019. Una hakika?"

"Nilimwambia heri ya mwaka mpya akaniambia mwaka gani mpya huu wa kifaru. Nitasahau vipi?"

Nangila aliandika tarehe katika daftari. Aliandika polepole, herufi kubwa, kama mtu anayechonga jiwe.

"Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?"

"Uliuliza nani?" Muhdhar akasema, akirudisha lenzi jichoni. "Mimi niko hapa tangu ndururu iwe na tundu."

*

Mjane wa Kobole, Mama Nafuna, alikuwa akianika maharagwe uani kwake Myanga. Alimsalimu Nangila vizuri, akampa kigoda, akampa na ungo apepete huku wanaongea, kwa sababu mikono mitupu, alisema, huzaa maswali mengi.

"Nyumba inataka kichwa," alieleza. "Hivyo ndio alikuwa anasema. Wakati wanyama ilitoka, aliweka kifaru kwa nyumba moja tu, ya mjomba wake hapo chini. Wiki mbili, mjomba akaanguka kwa pikipiki. Basi. Akasema nyumba yenye mnyama mlangoni si nyumba tena, ni zizi, na wenyewe watakufa kama ng'ombe. Alirudi na nyundo akang'oa hiyo kifaru."

"Mwaka gani, mama?"

"Kristmasi ya hiyo hiyo wanyama ilitoka. Tangu hapo ni kichwa tu mpaka akazikwa."

Nangila alipepeta. Makapi yaliruka, maharagwe yakabaki. "Stoo ya Zachary pale Kitale. Unaikumbuka?"

Mikono ya Mama Nafuna ilisimama.

"Nilimhoji mzee mwaka huo," Nangila aliendelea. "Alisema maneno machache sana. Yako kwenye faili. 'Sisemi kitu. Sahihi yangu iko sakafuni. Someni.'"

"Na mlisoma?"

"Nilisoma."

"Mlisoma ngapi?"

Nangila aliweka ungo chini. "Ngapi, vipi?"

Mama Nafuna aliacha maharagwe. Aliinuka, akashika kiuno, akamwongoza nyuma ya nyumba hadi kaburi la mumewe, chini ya mipapai miwili. Kaburi lilikuwa na sementi safi. Kichwani mwake palikuwa na sarafu ya shilingi tano, lakini kilichotazama juu hakikuwa kichwa. Ilikuwa ngao na mikuki.

"Imegeuzwa," Nangila alisema.

"Imelala kifudifudi. Nilimwekea mimi, jinsi yeye alikuwa anawekea wengine. Kaburi zote alijenga, Myanga mpaka Kimilili, ni hivyo. Mtu hai, kichwa kinaangalia mlango, kiangalie nani anaingia. Mtu amekufa, kichwa kinaangalia chini, kimwangalie yeye. Asifikirie ameachwa peke yake huko."

"Kila mtu anajua hii?"

"Waashi wanajua. Wenye kuzika wanajua. Polisi mnazikanga?"

Walirudi kwenye maharagwe. Sauti ya Mama Nafuna ilishuka, ingawa aliyekuwa karibu zaidi ni jogoo.

"Siku hiyo alirudi hakukula. Alisema walimwita haraka, sakafu yote imwagwe kwa siku moja. Akakuta kona moja udongo umechimbwa na kurudishwa, laini. Harufu. Aliuliza, akaambiwa ni panya. Na huyo tajiri akamwonyesha picha yangu kwa simu. Mimi, hapa hapa, nikianika maharagwe. Hakumwambia kitu. Alimwonyesha picha tu."

"Akaweka sarafu mbili."

"Mlangoni moja, ya tajiri. Kwa kona moja, ya huyo mtu. Aliniambia, 'Kama nimekosea, ni shilingi tano tu. Kama sijakosea, asilale bila fundi.' Halafu akangoja nyinyi msome." Alichota maharagwe, akayaacha yaanguke. "Alingoja mpaka akakufa. Kila gari ya polisi ikipita alikuwa anatoka nje."

Nangila alifungua mkoba na kutoa faili. Picha kumi na moja, alizozipiga kwa mkono wake Aprili 2019. Ya kwanza: mlango na kichwa. Ya pili, ya tatu: mizani, magunia. Ya saba ilikuwa kona ya mashariki. Alikuwa ameipiga ili kuonyesha magunia yamepangwa vizuri, hakuna dalili ya purukushani. Ndivyo alivyoandika nyuma yake. Chini ya gunia la mwisho, palipo na nafasi ya kiganja, palikuwa na duara dogo la rangi mbili. Aliisogeza picha karibu na jicho. Ngao. Mikuki.

Alikuwa amepiga picha ya kaburi, akaipa namba.

Mama Nafuna aliingia ndani na kurudi na kopo la Kimbo. Ndani yake palikuwa na sarafu moja, yenye kichwa, mpya kana kwamba imetoka kuchapwa asubuhi hiyo. "Ya mwisho," alisema. "Chukua. Labda korti itataka kuona."

Nangila aliitia kwenye bahasha ya khaki, akaandika juu yake: Kielelezo A. Akiwa njiani alimpigia simu Rotich, mwendesha mashtaka, akamweleza kila kitu bila kupumua.

"Inspekta," Rotich alisema mwishowe, "sarafu haiwezi kula kiapo. Fundi amekufa. Mjane anasema alichoambiwa. Niletee mfupa mmoja. Hata wa kidole."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alisimama mahali palipokuwa na stoo ya Zachary, akaangalia juu, kisha akaendelea kuangalia juu. Palikuwa na jumba la ghorofa nne: duka la simu, duka la dawa, kinyozi, na ghorofa ya juu kabisa chuo cha kompyuta. Chini kulikuwa na maegesho yaliyochimbwa ardhini, magari ishirini yakiwa yamelala mahali ambapo udongo ulikuwa.

Zachary alimpokea ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kumalizia sentensi za wageni wake vizuri kuliko wao wenyewe. Aliagiza chai.

"Nimekuja kwa habari ya..."

"Ya Hesbon. Kila mwaka namkumbuka. Mama yake yuko aje?"

"Anakufa."

"Pole sana. Sukari?"

"Stoo ilibomolewa lini?"

"2021. Na kibali ninacho, na cha mazingira ninacho. Tulichimba mita nne."

"Udongo ulienda wapi?"

"Ah, lori thelathini na mbili, madam. Nyingine zilijaza mashimo ya barabara. Nyingine, watu wa mashamba waliomba. Nyingine dereva walimwaga tu, unajua dereva." Aliinua mikono kama kasisi anayebariki. "Ukitaka kuchimba, chimba. Ni wapi sasa?"

Nangila aliweka picha ya saba mezani, kidole kikiwa pembeni mwa lile duara. Alimtazama Zachary, si picha. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, uso ule mpole ulibaki bila mwenyewe. Hakuwa amejua. Miaka miwili alikuwa akitembea juu ya sahihi ya pili bila kuiona.

Kisha mwenyewe akarudi.

"Hiyo ni nini?"

"Fundi Kobole aliweka sarafu hivi, kifudifudi, kwenye makaburi tu."

"Mzee alikuwa na michezo huyo." Aliisogeza picha karibu na dirisha. "Picha nzuri. Nani alipiga?"

"Mimi."

"Kwa hivyo ulikuwa hapo. Umesimama hapo hapo." Alisema taratibu, bila kejeli, kana kwamba kweli anataka kuelewa. "Si ungechimba?"

Chai ilikuja. Hakuna aliyeigusa.

"Sakafu hiyo ilimwagwa Aprili 2019," Nangila alisema. "Nina shahidi wa sarafu kutoka Januari mwaka huo. Fundi alikuwa ameshakataa wanyama. Kichwa hakithibitishi kitu."

Zachary alifungua droo. Alitoa karatasi iliyotiwa plastiki, kama vyeti vinavyotundikwa ukutani, akaigeuza ili Nangila aisome vizuri. Ilikuwa ripoti yake mwenyewe. Mstari mmoja ulikuwa umepigwa wino wa njano: *Kwa kuzingatia sarafu iliyo mlangoni, sakafu hii ilimwagwa kabla ya Desemba 2018, na haihusiani na kupotea kwa mlalamikiwa.* Uliandikwa hivyo hivyo, "mlalamikiwa", kana kwamba Hesbon ndiye aliyeshtakiwa; hata neno alikuwa amekosea.

"Wakili wangu anaipenda sana," Zachary alisema. "Anasema hajawahi kuona polisi anaandika vizuri hivi. Ukienda kortini, madam, utakuwa shahidi wangu wa kwanza."

Nangila aliinuka. Mlangoni aliangalia chini, kwa mazoea tu. Palikuwa na vigae vya kung'aa, na ndani yake sura yake mwenyewe, kichwa kikitazama juu.

Ijumaa yote aliitumia kutafuta madereva. Alipata watatu. Mmoja alikumbuka barabara, wa pili alikumbuka machimbo ya mawe yaliyojaa maji sasa, wa tatu alikumbuka kwamba hakulipwa. Lori ishirini na tisa zilizobaki hazikuwa na mtu wa kuzikumbuka.

*

Jumamosi mgomba ulikuwa umekatwa alfajiri na kuvishwa koti la bluu la Hesbon. Mikono ya koti ilikuwa mirefu kuliko shina, ikaning'inia. Wanaume wawili walikuwa wakikoroga sementi ya kushikilia msalaba. Kukhu Nasike alikaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, akipumua kwa sauti ya mtu anayevuta kamba.

"Mulembe, kukhu."

"Mulembe. Umekuja na mtoto wangu?"

"Hapana."

"Umekuja na nini?"

Nangila alipiga magoti kwenye nyasi, mara ya pili wiki hiyo, akamweleza. Alieleza kwa mpangilio kama anavyoeleza kortini: stoo, kona, sarafu mbili, lori thelathini na mbili. Alipofika kwa aliyeandika ripoti hakuruka jina. Mzee mmoja alianza kukohoa akajizuia, maana kikohozi kingeonekana kama maoni.

Kukhu Nasike alipokea picha ya saba na kuishika karibu na jicho lake zuri. "Ni wapi?"

Nangila alikishika kidole cha bibi, akakiweka juu ya duara. "Hapa."

"Alikaa hapo siku ngapi?"

"Miaka miwili, kukhu. Mpaka walipochimba."

"Na wewe ulipita hapo juu yake. Na viatu."

"Nilipita."

Bibi alitikisa kichwa kidogo kidogo, kwa muda mrefu. "Lakini huyo fundi alimwekea."

"Alimwekea."

"Basi kuna mtu mmoja alimzika," alisema. Picha aliikunja mara mbili na kuitia kifuani, na Nangila hakuidai.

Walishusha mgomba. Hawakuomboleza sana, ni vigumu kulia mbele ya ndizi, hata ikiwa imevaa koti. Udongo uliporudishwa na msalaba kusimamishwa, sementi ikamwagwa kuzunguka mguu wake, ikasawazishwa kwa mwiko.

"Nipeni kobole," Kukhu Nasike alisema.

Wanaume walipekua mifuko. Walitoa vifaru, wakatoa twiga, simba wawili, ndovu mmoja. Waligeuza kila moja. Mbuga nzima ilikuwa pale viganjani, na hapakuwa na kichwa hata kimoja.

"Si hata kifaru ni tano, kukhu?" Mwalimu Hillary alisema. "Ni pesa ile ile."

"Nimekubali ndizi," bibi alijibu. "Sitaongeza kifaru."

Nangila alitoa bahasha ya khaki. Aliyatazama maneno aliyoandika juu yake, na kwa sekunde mbili hivi alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa na mkubwa wake. Kisha akairarua upande mmoja. Sarafu ikamwangukia bibi kiganjani.

Kukhu Nasike aliipapasa kwa kidole gumba mpaka akaipata pua. Watu wawili walimwinamisha. Aligeuza sarafu, akaibonyeza kwenye sementi mbichi, akashikilia kama mtu anayezuia damu, akaachia.

"Nini imeangalia juu?"

"Ngao, kukhu."

"Sawa." Alirudishwa kitini. Alijifuta kidole kwenye mkono wa koti la Nangila, si kwa hasira. Lilikuwa karibu tu. "Wewe ndio msomaji. Soma."

Nangila alilitazama lile duara dogo la rangi mbili, jipya kabisa, likiwa sawasawa na sementi.

"Inasema hapa amelala mtu."

"Umekosea tena, mwanangu," Kukhu Nasike alisema, akiitafuta fimbo yake. "Hapo kuna ndizi."